Mkataba Unapotaja "Mageuzi ya Ushuru": Namna ya Kukisoma Kifungu Hicho Kabla ya Kutia Sahihi

Kila mwaka, tangu Muswada wa Fedha unapofikishwa Bungeni mwishoni mwa Aprili hadi sheria inapoanza kazi Julai, maswali yanayoletwa mezani kwangu hapa Malindi ni yale yale. Mwenye duka Maweni anataka kujua kama mwenye jumba ana haki ya kumpandishia kodi kwa kuwa "serikali imeongeza ushuru". Mlinzi wa villa kule Casuarina anauliza mbona mshahara waliokubaliana mkononi umepungua. Nahodha anayepeleka wageni hifadhi ya bahari anauliza kama anaweza kubadilisha bei aliyoandikiana na hoteli. Wote wana karatasi walizotia sahihi, na karibu kila karatasi ina mstari unaotaja mabadiliko au mageuzi ya ushuru. Wengi wanaamini mstari huo unahusu chochote kitakachotangazwa redioni.

Sivyo. Ndani ya mkataba, mageuzi ya ushuru ni yale tu ambayo mkataba wenyewe umeyaeleza. Mwongozo huu unakuonyesha pa kuangalia, hesabu ya kupiga, na maneno ya kuomba yabadilishwe kalamu ikiwa bado mkononi mwako. Humu "ushuru" ni pesa ya serikali na "kodi" ni pesa ya mwenye nyumba. Ukiandika mkataba kwa Kiswahili, tenganisha hivyo hivyo tangu ukurasa wa kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba wote, pamoja na viambatisho na barua zilizoandikwa baadaye. Ukurasa wa sahihi peke yake haukusaidii.
- Tarehe mbili: ya kutia sahihi, na ya mkataba kuanza kazi. Mara nyingi hazifanani.
- Risiti zako, ujumbe wa M-Pesa na ankara za eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Mali bila daftari huisha bila habari.
- PIN ya KRA ya mwenzako, yaani namba yake ya mlipa ushuru. Kwenye tovuti ya iTax kuna mahali pa kukagua PIN, na utaona kama mtu huyo amesajiliwa kwa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani.
- Nakala ya sheria yenyewe kutoka tovuti ya Kenya Law, ambayo ni bure. Picha iliyozunguka WhatsApp usiitegemee.
- Kalamu ya rangi, na simu ya kupigia hesabu.

Mikataba mingi hapa huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ikiwa hukimudu, tafuta mtu akusomee neno kwa neno. Usikubali akufupishie, kwa sababu katika kifungu hiki neno moja dogo kama "baada ya" au "pekee" ndilo linaloamua nani atalipa.

Hatua ya 1: Tafuta ufafanuzi

Uangalie kwanza mwanzo wa mkataba, pale maneno yanapoelezwa maana. Ukikuta mageuzi ya ushuru yametajwa kwenye malipo lakini hayakuelezwa popote, weka alama kubwa: hilo ni shimo, na lazima lizibwe kabla ya sahihi. Ufafanuzi mzuri huwa na sura kama hii:

*"Mageuzi ya Ushuru maana yake ni kutungwa, kurekebishwa au kufutwa kwa sheria yoyote ya ushuru, tozo au ada ya Serikali ya Kitaifa au ya Kaunti, kunakoanza kutumika baada ya tarehe ya kutiwa sahihi mkataba huu, na kunakoongeza au kupunguza moja kwa moja gharama ya upande mmoja katika kutekeleza mkataba huu, isipokuwa ushuru wa mapato au faida ya upande huo."*

Usome tena polepole, ukipigia mstari. "Kutungwa, kurekebishwa au kufutwa" ndilo tukio. "Ushuru, tozo au ada" ni aina ya pesa. "Baada ya tarehe ya kutiwa sahihi" ni mpaka wa wakati. "Kuongeza au kupunguza" inaufanya mlango ufunguke pande zote mbili. "Moja kwa moja" inazuia visingizio. Na ile "isipokuwa" ya mwisho ndiyo inayomlinda mpangaji kuliko maneno mengine yote. Kama mkataba wako hauna kipande kimojawapo, andika pembeni kipi kinakosekana, kisha uendelee.

Hatua ya 2: Jua ni ushuru wa nani

Hapa ndipo watu wengi wa Malindi hupoteza pesa, kwa hiyo usiikimbilie.

Kuna ushuru unaopandishwa juu ya bei, kama VAT, ambayo kwa sasa kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Kuna ushuru wa zuio, ambao anayelipa hukata kipande na kukipeleka KRA kabla ya kumpa mwenzake kilichobaki. Na kuna ushuru wa mtu mwenyewe juu ya mapato yake. Huo wa tatu haukuhusu wewe unayelipa, isipokuwa umekubali kwa sahihi yako kuubeba.

Chukua nyumba ya kuishi. Kodi yake haitozwi VAT kabisa. Mwenye nyumba aliye mkaazi, anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za kuishi, hulipa ushuru wa mapato ya kodi. Ushuru huo ulianza 2016 kwa asilimia 10 ya kodi yote anayopokea, na tangu tarehe 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5. Umeshuka. Nyumba ya Barani inayolipiwa 25,000 kwa mwezi huingiza 300,000 kwa mwaka: ushuru wake ulikuwa 30,000, sasa ni 22,500, na mwenye nyumba amebakiwa na 7,500 zaidi. Basi akikuambia anapandisha kodi kwa sababu ya ushuru wa nyumba za kupangisha, mwombe kwa adabu akuonyeshe ni ushuru gani na ni sheria ya mwaka gani. Anaweza kuwa na sababu nyingine halali ya kupandisha, lakini hiyo haimo.

Duka, ofisi na ghala ni habari nyingine. Kodi ya jengo la biashara hutozwa VAT endapo mwenye jengo amesajiliwa, na anayelazimika kusajiliwa ni yule ambaye mauzo yake yanayotozwa VAT yamefika shilingi milioni 5 kwa miezi 12.

*Tahadhari:* asiyesajiliwa kwa VAT haruhusiwi kuitoza. Kagua PIN yake kwanza, halafu udai ankara ya eTIMS inayoonyesha VAT kando.

Hatua ya 3: Tenganisha habari na sheria

Katiba, kifungu cha 210, inasema hakuna ushuru unaoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Muswada bado si sheria. Hotuba ya bajeti si sheria.

Mwaka 2024 ulitufunza hili kwa uchungu. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipita Bungeni, vijana wakaingia barabarani, watu wakapoteza maisha, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Haukuwa sheria. Mtu aliyepandisha bei mapema kwa kuutegemea muswada ule, kwa mkataba unaodai sheria "iliyotungwa", hakuwa na msingi.

Ya Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa na mizunguko zaidi. Ilianza kutumika, kisha tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha yote. Mwezi Agosti Mahakama ya Juu ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 29 Oktoba 2024 ikautengua. Sasa jiulize: mkataba wako unasema nini kuhusu uamuzi wa mahakama? Ufafanuzi wangu wa hapo juu hautaji mahakama. Kwa mkataba wa mwaka mmoja naona unatosha. Kwa mkataba wa miaka mingi, ongeza sentensi hii: *"Uamuzi wa mahakama utahesabiwa kuwa Mageuzi ya Ushuru pale tu unapoanza kutekelezwa na haujasimamishwa na mahakama ya juu yake."* Itakuokoa na kubadilisha bei mara tatu kwa miezi mitatu.

Hatua ya 4: Linganisha tarehe

Sheria moja inaweza kuwa na tarehe kadhaa za kuanza. Ile ya 2023 ilikuwa na sehemu zilizoanza tarehe 1 Julai 2023, nyingine tarehe 1 Septemba, na nyingine tarehe 1 Januari 2024. Kwa hiyo "sheria imepita" haikuambii chochote mpaka ufungue kifungu kinachotaja siku ya kuanza.

Sasa tuseme ulitia sahihi Agosti 2023. Kiwango kipya cha Januari 2024 tayari kilikuwa kimeandikwa katika sheria. Je, hayo ni mageuzi? Ikiwa mkataba unasema "kunakoanza kutumika baada ya sahihi", ndiyo. Ikiwa unasema "kunakotungwa baada ya sahihi", hapana, kwa kuwa mlikijua. Mfano wangu wa Hatua ya 1 umetumia la kwanza, lakini mkiweza kukubaliana mimi napendelea la pili: jambo lililokwisha kuchapishwa lipangiwe bei siku ile ile ya makubaliano.

Hatua ya 5: Angalia kama mlango unafunguka pande zote

Mikataba mingi inayoandikwa na wenye majengo husema ushuru "ukiongezeka". Kushuka hakutajwi. Kumbuka 2020: VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Miezi tisa. Tazama ilivyokuwa kwa wapangaji wawili wa ofisi kwenye Barabara ya Lamu, wote wakilipa shilingi 58,000 kwa mwezi.

Wa kwanza, mkataba wake ulisema "50,000 pamoja na VAT kwa kiwango kilichopo kisheria". Kwa asilimia 16 VAT ni 8,000. Kwa 14 ni 7,000. Alipaswa kulipa 57,000, na kwa miezi tisa abakiwe na 9,000.

Wa pili, mkataba wake ulisema "58,000, ushuru wote ukiwa ndani". Yeye angeendelea kulipa 58,000. Gawanya 58,000 kwa 1.14: kodi yenyewe inakuwa 50,877 na VAT 7,123. Nafuu ya serikali ilikwenda kwa mwenye jengo, na mkataba ulimruhusu. Lakini VAT iliporudi 16, mpangaji huyu hakuongezewa hata senti, huku wa kwanza akirudi 58,000.

Hakuna mtindo ulio mbaya kwa wote. Kama ushuru unatarajiwa kupanda, bei yenye ushuru ndani inakulinda wewe unayelipa. Lililo baya ni mkataba unaotaja bei na kunyamaza kuhusu VAT. Huo usitie sahihi.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya tofauti tu

Nahodha, hii ni yako. Tarehe 1 Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Nilisikia watu wakisema ushuru umeongezeka mara mbili, kwa hiyo safari nayo ipande kwa asilimia 16. Hesabu haiendi hivyo. Tuseme lita moja kabla ya VAT ni shilingi 150. Kwa asilimia 8 utalipa 162, kwa 16 utalipa 174. Tofauti ni shilingi 12. Boti ikila lita 40 kwa safari, ongezeko ni 480. Kama safari mliandikiana 12,000, una haki ya kudai 12,480. Ukidai 13,920, hoteli itakukatalia na itakuwa na haki.

Tena, bei ya mafuta hutangazwa upya na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo yanatokana na bei ya dunia na shilingi yetu. Hayo si mageuzi ya ushuru. Ukitaka mkataba ufuate bei ya mafuta yenyewe, andika kifungu chake peke yake, ukitaja lita kwa safari na bei ya siku ya makubaliano. Usikibebeshe kifungu cha ushuru.

Hatua ya 7: Tafuta maneno "bila kukatwa" na "mkononi"

Maneno haya mafupi yana uzito wa ajabu katika mji wenye villa nyingi za watu wanaoishi ng'ambo. Kodi inayolipwa kwa mwenye nyumba asiye mkaazi hukatwa ushuru wa zuio wa asilimia 30. Ikiwa ulikubali kumlipa shilingi 100,000 "kamili, bila kukatwa ushuru wowote", basi ili yeye apate 100,000 kodi halisi inakuwa 142,857, na zile 42,857 zinatoka mfukoni mwako kwenda KRA. Ukaazi wa kiushuru haufuati pasipoti: mgeni mwenye makao ya kudumu hapa anayekaa hata sehemu ya mwaka anaweza kuhesabiwa mkaazi. Mwambie aandike hali yake ndani ya mkataba na aahidi kukujulisha ikibadilika.

Kwa wafanyakazi ni upande wa pili wa jambo hilo hilo. Tozo ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 ililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaikataa Novemba mwaka huo, ikarudi kwa sheria yake yenyewe Machi 2024. Mwajiri naye hutoa asilimia 1.5. Oktoba 2024 SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ikachukua nafasi ya NHIF, ule wa zamani, kwa asilimia 2.75. Mlinzi wa mshahara wa jumla wa 20,000 hukatwa 300 za tozo, na 550 za SHIF badala ya 750 za NHIF. Kama barua yake ya kazi inasema 20,000 "mkononi", makato yote ni ya mwajiri na mlinzi apokee 20,000 zake kamili. Kama inasema "mshahara wa jumla", makato ni yake. Na kama ufafanuzi wa mkataba unataja "ushuru" tu, mtabishana kama bima ya afya ni ushuru. Ndiyo maana kwa barua ya kazi nasisitiza ufafanuzi wa Hatua ya 1 uongezewe makato ya lazima, yaandikwe yote manne: ushuru, tozo, ada na makato ya lazima.

Hatua ya 8: Weka utaratibu wa notisi na ushahidi

Kifungu kiseme anayedai mabadiliko ataandika notisi, ataje sheria na kifungu chake, aambatishe hesabu, na asubiri siku zilizokubaliwa, tuseme 30. Kiseme pia kwamba faini na riba za kuchelewa kulipa ushuru ni mzigo wa aliyechelewa. Bila mstari huo unaweza kuletewa bili ya uzembe wa mtu mwingine.

Kwa wenye maduka, hoteli na mikahawa kuna kinga ya ziada. Upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, hulindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301. Mwenye jengo hawezi kubadilisha masharti, kodi ikiwemo, bila kukupa notisi ya fomu maalum ya angalau miezi miwili. Ukiipata na hukubali, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na upeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla notisi haijaanza kazi. Ukikaa kimya, notisi inapita.

Hatua ya 9: Rekebisha, tia sahihi, lipia stempu

Mabadiliko yaandikwe ndani ya mkataba, kila upande uweke herufi za jina lake pembeni. Halafu lipa ushuru wa stempu ndani ya siku 30: asilimia 1 ya kodi ya mwaka kwa upangaji wa mwaka mmoja hadi mitatu, asilimia 2 kwa unaozidi mitatu. Duka la 30,000 kwa mwezi, kwa miaka miwili, ni shilingi 3,600. Watu huona ni pesa ya kutupa, lakini karatasi isiyolipiwa stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi, na kifungu chako kizuri kitabaki nje ya mlango.

Ukikwama

*Mkataba hauna kifungu chochote cha ushuru.* Kwa kawaida bei iliyoandikwa husimama mpaka muda uishe au mkubaliane upya. Usilipe nyongeza kwa simu tu. Mkikubaliana, iandikwe hata nusu ukurasa.

*Ada ya leseni ya biashara imepanda.* Hiyo ni ya Kaunti ya Kilifi na hubadilishwa kwa sheria ya fedha ya kaunti. Nayo idaiwe kwa kutaja kifungu. Leseni ya biashara yako ni yako, ya mwenye jengo ni yake.

*Umelipa, kisha mahakama imebatilisha ushuru.* Usikate malipo siku hiyo hiyo. Ulizia kama kuna amri ya kusimamisha uamuzi, andika barua ya kuhifadhi haki yako ya kurudishiwa, na uendelee kuweka risiti kando.

*Mwenzako anakataa kuonyesha hesabu.* Mlipe kiasi cha zamani kwa tarehe ile ile, kwa njia inayoacha alama, ukiandika kwamba nyongeza inasubiri ushahidi. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kukasirika na kuacha kulipa kabisa. Hapo anageuka yeye mvunja mkataba.

*Mmeshindwa kuelewana kabisa.* Shauri la Sura ya 301 liende kwenye baraza lake. Deni la huduma, kama lile la nahodha na hoteli, likiwa halizidi shilingi milioni 1, linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Kwa villa, ardhi, au mkataba wa zaidi ya miaka mitano, lipia wakili saa moja kabla ya kuandika barua yoyote, na uende na mkataba ukiwa tayari umepigiwa mistari, ili saa hiyo isiishie kwenye kuutafuta ufafanuzi.